Nimesoma, Hakuna la Ziada

"Madamu, hebu inuka hapo. Umekalia miaka kumi na miwili ya shule hii."

Niliinuka. Kweli nilikuwa nimekalia rundo la vitabu vya zamu, kule stoo nyuma ya ofisi. Katibu muhtasi alisimama mlangoni na kikombe cha chai, ananitazama kwa huruma.

"Utamaliza lakini? Mkuu anaitaka hiyo historia Ijumaa."

"Nitamaliza."

"Sema kweli. Tangu asubuhi umesoma, au umeangalia simu?"

Nilishusha simu iliyokuwa mkononi. Shule yetu ya serikali inatimiza miaka arobaini, na mimi ndiye mwalimu wa historia. Wanafunzi wananiita Madamu Tarehe. Nani mwingine angebebeshwa kazi ya kuiandika? Lakini Ijumaa hiyohiyo mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi wanamwita Pai, alikuwa anaondoka. Amebadilishana kituo na mwalimu wa shule nyingine, safari ya siku nzima kutoka hapa. Nilimpigia mara tatu, hakupokea. Nikamwandikia:

"Unaondoka bila hata kuniaga?"

Akajibu: "Tutaonana mstarini."

Mstarini! Kama vile mimi ni Kidato cha Kwanza.

Nisiwafiche, nilimpenda yule mtu. Miaka mitatu tulikaa meza moja ofisini, tunagawana chai na chaki, tunasengenya walimu wenzetu kwa sauti ya chini. Siku moja, bila neno, akahamia meza ya dirishani. Nikasema, kumbe na huyu ni walewale. Nikamnunia. Miaka mingine mitatu ikaenda hivyo: habari za asubuhi, nzuri, basi. Na tangu nisikie anahama sijatulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa.

Sasa, hivi vitabu vya zamu. Kila wiki mwalimu mmoja anashika zamu. Anaandika idadi ya wanafunzi waliofika, vipindi vilivyofundishwa, usafi wa madarasa, na mwisho kuna sehemu ya "Mengineyo". Jumatatu anamkabidhi mwenzake, naye anaandika chini "Nimesoma" na kuweka sahihi. Mkuu anagonga muhuri. Na niseme siri ya walimu: hakuna anayesoma.

Safari hii nililazimika kusoma. Nikakutana na mwandiko wangu mwenyewe. "Mengineyo: paa la Kidato cha Pili B linavuja." Chini yake mwandiko wa Pai, ambaye kwa ratiba ndiye hupokea zamu kutoka kwangu: "Nimesoma. Paa nimeziba."

Nikafungua mbele. "Mengineyo: mlango wa maktaba umeng'oka bawaba." "Nimesoma. Bawaba nimefunga." Mbele tena. "Mengineyo: kengele imeanguka." "Nimesoma. Nimeitundika." Miaka yote nilidhani ni ofisi inayotengeneza. Nilijisifu kabisa kwamba nikiandika mimi, mambo yanatendeka!

Kisha nikafika kwenye ile wiki, miaka mitatu iliyopita, shangazi yangu alipovunjika mguu akalazwa hospitali. Wiki ile tuligeuza zamu, Pai akatangulia, mimi nikapokea kutoka kwake. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kuliko siku zote.

"Mengineyo: Mwenzangu unayepokea zamu hii, nimeshindwa kukuambia kwa mdomo. Nakupenda na nataka kukuoa. Nijibu hapahapa."

Chini, mwandiko wangu wa haraka: "Nimesoma. Hakuna la ziada."

"Vipi, mbona umekuwa kama umeona nyoka?" katibu muhtasi aliuliza.

Nilimpa kitabu. Akasoma, akaweka chai chini.

"Wewe! Mtu anaposwa, anajibu hakuna la ziada?"

"Sikusoma! Nilikuwa nawahi hospitali!"

"Na Mkuu kagonga muhuri! Mama yangu, umemkataa kiserikali."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Simu ikaita, nikadhani ni Pai. Ni shangazi.

"Mbona unahema hivyo?"

Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akasema:

"Kwa hiyo ni mimi na ule mguu wangu."

"Hapana, shangazi, ni uvivu wangu."

"Sasa unanisimulia mimi ili iweje? Kwani ni mimi ninayeondoka Ijumaa? Kata simu, nenda!"

Wiki hiyo ya kuondoka kwake zamu ilikuwa yangu. Nilikaa dakika mbili na kitabu kipya, nikaandika ripoti ya wiki mpaka siku ile, kisha nikavuka uwanja karibu nikimbie. Wanafunzi madirishani wakaanza kupiga miluzi. Nilimkuta peke yake darasa la mwisho, anafunga bikari za mbao kwa kamba ili azikabidhi.

"Pai."

"Madamu."

"Sikusoma."

"Hukusoma nini?"

"Unajua. Wiki ile shangazi alipolazwa. Niliweka sahihi tu, sikusoma."

Mikono yake ilisimama. Hakugeuka.

"Usinitanie leo, tafadhali."

"Naapa. Nimeyaona leo."

"Miaka mitatu umeniona kule dirishani. Hukushangaa?"

"Nilishangaa. Nilidhani umenichoka."

"Si ungeuliza?"

"Na wewe ungeuliza!"

"Mimi niliuliza!" Sasa aligeuka, macho mekundu. "Niliuliza kwa maandishi, ukajibu kwa maandishi. Ulitaka niulize mara ngapi? Mimi za kwako nilikuwa nasoma zote. Mpaka leo najua Kidato cha Pili B kina mabati mangapi."

Iliniuma kwa sababu ni kweli.

"Sasa nifanye nini?" akauliza polepole. "Barua imeshatoka. Mwalimu ninayebadilishana naye ana mume hapa mjini, wamekaa mbalimbali miaka minne. Kesho anafika na watoto. Nimwambie arudi?"

"Usimwambie arudi."

"Basi umekuja kwa nini?"

Nikamsogezea kitabu. "Pokea zamu yangu."

"Mimi naondoka, sipokei zamu."

"Ya mwisho. Ila usome."

Alivaa miwani. Akaanza juu kabisa, Jumatatu, kidole kinatembea mstari kwa mstari. Nilihesabu madawati, nikaenda mlangoni, nikarudi, nikafuta ubao ambao ulikuwa umeshafutwa.

"Hapa jumla umekosea," akasema. "Wanafunzi si mia nne kumi na mbili. Ni kumi na tatu."

"Endelea kusoma, wewe mwanaume!"

Akafika "Mengineyo". Niliandika hivi: "Mwalimu wa hesabu aliuliza swali miaka mitatu iliyopita. Jibu ni ndiyo. Aende, na mimi nitaomba uhamisho nimfuate. Anisamehe kwa kuchelewa kusahihisha."

Alisoma. Akasoma tena. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akaandika chini, nami nikainama kutazama: "Nimesoma. Lipo la ziada."

"Lipi?" nikauliza.

"Shangazi yako leo nitamkuta nyumbani saa ngapi?"

Ijumaa aliondoka, kama barua ilivyosema, lakini safari hii niliagwa vizuri. Historia ya shule nilichelewa kuikabidhi, ikaingia Jumatatu, kurasa themanini. Mkuu aliigonga muhuri palepale bila kuifungua.

Likizo iliyofuata tulikuwa mbele ya msajili wa ndoa, barua yangu ya uhamisho ipo ndani ya mkoba. Msajili akasukuma fomu kwangu na kalamu juu yake.

"Weka sahihi hapa, bibi harusi."

"Ngoja kwanza nisome."

"Ni fomu ya kawaida tu, dada. Wote huweka sahihi."

"Najua."

Nikaanza juu kabisa. Nyuma yangu shangazi aliguna. "Jamani, leo tutalala hapa!"

"Mwacheni asome," alisema Pai, akaegemea kiti.