Wanaomtafuta Bibi Fundi

Mambo yaligeuka siku ya Jumatatu, tarehe tisa ya mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi. Saa hiyo inajulikana kwa sababu fundi saa alikuwa ameketi ofisini kwa Kinara, akingoja picha za kibanda chake zipangwe. Mlango ulipofunguliwa aliitazama saa ya mkononi mwake, akaona mshale umesimama. Ilikuwa saa aliyoitengeneza mwenyewe, na haikuwahi kusimama.

Kazi ya Kinara ilikuwa kuwatunzia wenye biashara ndogo kurasa zao za mtandaoni. Aliwaandikia maneno, akawapangia picha, akasahihisha saa za kufungua na kufunga. Zaidi ya yote alihakikisha kwamba mtu akiandika kwenye simu yake "fundi viatu" au "miwani ya kusomea", duka la mteja wake ndilo linalotokea juu kabisa. Ndiyo maana wakamwita Kinara. Jina alilopewa na wazazi wake, mkewe alilitumia akiwa amekasirika tu.

Aliyeingia alikuwa mwanamke aliyevaa sare ya hospitali, macho mekundu kwa kukesha kazini. Alikuwa muuguzi, mtoto pekee wa Bibi Fundi. Bibi Fundi alishona magauni miaka thelathini na mmoja katika chumba kimoja chenye cherehani moja, na alikuwa amefariki miezi mitano iliyopita.

"Kaka, habari za kazi?"

"Nzuri, dada. Karibu, kaa."

"Sikai. Nataka kuuliza kitu kimoja. Ukurasa wa mama umekwenda wapi?"

Kinara alicheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa na mtoto. "Mambo ya mtandao hayo, dada. Anwani ikiisha muda wake ni kama kiti kitupu. Atakayewahi hukaa."

"Lakini kiti hicho ulikuwa unakitunza wewe. Msibani ulinishika mkono, ukaniambia, 'Dada, la mtandao niachie mimi.' Nikakuachia. Jana nilipofungua nikasoma 'Duka jipya la magauni, karibuni nyote.' Na magauni yaliyopigwa picha ni ya mama."

"Marehemu hashoni tena, dada yangu. Wateja watamtafuta wa nini?"

Chini, kwenye duka la kutoa nakala, mashine ilikuwa ikinguruma.

"Wanaomtafuta hawatafuti magauni," Muuguzi akasema. "Kulikuwa na ukurasa wa shukrani. Tangu afe, watu aliowashonea wanaandika humo dua zao. Kila nikitoka zamu nilikuwa nazisoma ndipo nilale. Wewe umegeuza njia. Mtu anakwenda kumwombea mama yangu, anafikishwa kwa muuza magauni."

Kinara alijua ni kweli. Anwani ya Bibi Fundi ilikuwa ya zamani na inapendwa; watu wengi waliitaja katika kurasa zao. Kitu kama hicho katika kazi ile ni dhahabu. Ilipoisha muda aliichukua kwa jina lake, akaielekeza hivi: yeyote anayemtafuta Bibi Fundi apelekwe moja kwa moja kwenye duka jipya. Na kwa kuwa alipenda kuwaona wanaopita, aliifanya njia hiyo ipite kwanza kwenye ukurasa wa ofisi yake mwenyewe. Kila aliyemtafuta marehemu alipita mlangoni kwa Kinara, hata kama hakujua.

"Sina nguvu ya kugombana," Muuguzi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Namwachia Mungu. Nawe utafutwe, usipatikane."

Akatoka. Fundi saa akaitikisa saa yake.

"Bwana wee, dua ya aliyedhulumiwa haina pazia. Mrudishie mtoto wa watu kitu chake."

"Wewe tengeneza saa yako kwanza," Kinara akamjibu. "Fundi saa mwenye saa mbovu! Nikiandika hilo kwenye ukurasa wako utakufa njaa."

Walicheka wote wawili. Lakini baada ya kicheko harufu ilibaki chumbani, harufu ya kitambaa kilichokaliwa na pasi moto, na chini yake mafuta ya cherehani.

Siku ya Jumatano mteja wake mmoja, dobi, alimpigia Kinara simu akapokelewa na cherehani. Ndivyo alivyoeleza: simu inapokelewa, halafu cherehani inakwenda, trrr, trrr, inasimama kidogo kama mtu anayegeuza pindo, kisha inaendelea. Kinara aliandika jina la ofisi yake mwenyewe kwenye mtandao kuangalia, na iliyotokea juu kabisa ilikuwa picha ya Bibi Fundi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Akadhani ni hila za washindani. Akasafisha kompyuta, akabadilisha namba zote za siri, akaandika tena. Bibi alikuwa palepale. Ila katika picha ya kwanza alikuwa akitazama kitambaa, na sasa alitazama mbele.

Alhamisi fundi saa alimkuta barabarani.

"Nimekutafuta tangu asubuhi. Nimepanda ngazi zako mara tatu, na kila nikifika juu najikuta niko nje, uani. Umehama?"

"Umekunywa nini leo?"

"Maji," fundi saa akasema, na safari hii hakucheka.

Jioni ile mkewe aliingia sebuleni, akapita mbele ya kiti alichokalia, akaita, "Baba Kipepeo! Baba Kipepeo, chai!" Kinara akaitika, "Niko hapa, mama." Mkewe akatazama kiti, akatazama dirisha, akatoka kumtafuta uani. Waliporudi kuonana mezani waliona haya kuzungumza jambo lile.

Kipepeo alikuwa binti yao wa pekee, mwenye miaka saba. Walimpata baada ya kungoja miaka kumi na moja. Kila siku saa saba mchana Kinara alifunga ofisi na kwenda kumchukua shuleni, na hata mteja awe nani, saa saba hakupatikana. Wala hakuwahi kuchelewa.

Ijumaa alisimama penye lango kama kawaida, jua liko utosini, kivuli chake kimejikunja miguuni. Kipepeo alitoka na mkoba wake mgongoni, akaangaza huku na huku, macho yake yakampitia baba yake kama yanavyopita ukutani, kisha uso ukamng'aa. "Baba!" akaita, akakimbia upande mwingine. Kinara alimfuata akiita, akiwasukuma wazazi wengine waliosimama wakizungumza, na kadiri alivyoongeza mwendo ndivyo watu walivyozidi kuwa wengi mbele yake, nao hawakumpisha kwa kuwa hawakuonekana kumwona, na mbele yao mkoba mdogo mwekundu ulivuka barabara, ukapita soko, ukapita ukuta wa kiwanda cha mbao, ukakata kona asiyowahi kumpitisha mtoto wake hata siku moja, na masikioni mwake, juu ya honi na kelele za wauzaji, cherehani ilikuwa ikienda kwa kasi, haisimami tena kugeuza pindo.

Alimkuta makaburini. Kipepeo ameketi juu ya mchanga wa kaburi la miezi mitano, miguu imenyooshwa, anazungumza na mtu.

"Mwanangu! Unafanya nini hapa?"

Mtoto alipepesa macho kama aliyeamshwa. "Baba? Mbona uko huko? Si ulikuwa hapa unanipima?"

Kwenye sare yake, mabegani na kiunoni, kulikuwa na alama za chaki ya fundi, zimepigwa kwa mkono usiotetemeka.

"Nimekupima nini?"

"Gauni jeupe. Umesema bado urefu. Umesema urefu utapima kesho."

Kinara alimbeba mpaka nyumbani bila kumweka chini, naye alikuwa mzito kuliko siku zote. Mkewe aliziona alama zile, akaketi chini, kisha akainuka akaenda kumwita mwalimu aliyemfundisha Kipepeo kusoma Kurani. Mwalimu alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kikohozi. Alimlaza mtoto sebuleni, akasoma mpaka alasiri. Harufu ya pasi ilipanda mpaka wakaona shida kuvuta pumzi. Kisha midomo ya Kipepeo ikafunguka, naye amelala, ikatoka sauti isiyo ya mtoto wala ya mtu mzima.

"Namtafuta bibi yangu."

"Bibi yako amefariki," Mwalimu akaliambia jini taratibu. "Wafu hawarudi."

"Nilikaa chini ya cherehani yake miaka thelathini na mmoja. Aliponyamaza, nikafuata waliokuwa wakimtafuta. Nikashika njia yao. Njia ikanileta kwa huyu. Amesimama mlangoni pa bibi yangu, anakula dua zake. Basi nitachukua vipimo vya nyumba hii, mmoja mmoja."

Mama wa mtoto aliziba mdomo kwa kiganja. Mwalimu akauliza, "Utatoka kwa lipi?"

"Anyooshe njia."

"Akinyoosha, utamwacha mtoto?"

"Nitamwacha. Lakini uzi mmoja ukibaki, nitakaa na aliyeushika."

Mtoto akakohoa, akafungua macho, akaomba maji.

Mwalimu alimvuta Kinara pembeni. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi usiwe mjanja. Rudisha vyote. Hii si biashara, huwezi kukata bei."

Kinara alikwenda ofisini mbio jioni ileile. Aliirudisha anwani kwa jina la Muuguzi, akazirudisha picha, akayarudisha maneno. Alipokuwa akifanya hivyo hewa ilikuwa ikipungua joto, na cherehani ikaenda mbali, ikawa kama inasikika kutoka mtaa mwingine. Kisha simu ikalia. Alikuwa mwenye duka jipya.

"Kinara, unanifanyia nini? Nilikuwa wa kwanza, sasa sionekani hata nikijitafuta mwenyewe! Wewe Kinara wa nini? Wa kibatari?"

"Kuna shida kidogo, bosi."

"Niachie basi hata kidogo. Ule ukurasa unaofunguliwa na watu wengi, uache ulivyo. Mmoja tu. Nani atajua?"

Kinara alitazama kioo cha kompyuta. Ukurasa uliofunguliwa na watu wengi kuliko zote ulikuwa ule wa shukrani, wenye dua. Yeye aliuona kama mlango wenye msongamano mzuri, na mkono wake ulikuwa umezoea kazi. Nyumbani Kipepeo alikuwa amekwishaoga na anacheza. Mkewe alimtumia picha yake akicheka. Akasema moyoni kwamba shari imekwisha. Akauacha ukurasa mmoja ukipita mlangoni kwake.

Mtoto hakuguswa tena. Jini lilitimiza ahadi yake.

Jumamosi saa sita na nusu mchana Kinara alikwenda ofisini kuchukua ufunguo aliousahau, akamwambia mkewe atarudi mara moja. Alasiri ilipoingia mkewe akaanza kumtafuta. Alipanda ngazi za ofisi mara nne, akashuka mara nne. Fundi saa alipanda, dobi alipanda, mwenye duka la nakala alitazama hata juu ya dari. Mwenye duka la nakala alisema baadaye kwamba mchana kutwa alisikia mtu akisema, "Niko hapa, jamani, niko hapa," sauti ikizidi kuwa ndogo, naye alidhani ni redio ya jirani.

Alikuwa kwenye ngazi. Alikuwa amelala kwenye kipandio cha nne, mahali ambapo kila aliyepanda alilazimika kumruka, na walimruka wote, na mkewe mara nane. Walimwona karibu na magharibi, wakati Muuguzi, aliyepata habari akaja na sare yake ya kazi, aliposimama chini ya ngazi na kusema, "Si huyo hapo?" Hapo ndipo macho yao yalipofunguka. Alikuwa amekwishapoa. Shati lake lilikuwa na alama za chaki mabegani, kiunoni, na mstari mmoja mrefu kutoka shingoni mpaka miguuni.

Muuguzi alimfunga macho kwa mkono wake. Mjane akamshika Muuguzi miguu.

"Dada, nisamehee mume wangu."

"Nimemsamehe, dada yangu. Nilimsamehe jana nilipoona picha ya mama imerudi. Lakini ukurasa wa dua bado haufunguki kwangu. Nilikuwa nimepanga kuja kumwuliza."

Usiku ule hawakulala. Kesho yake waliketi wawili mbele ya kompyuta ile, wakautafuta uzi uliobaki, wakaukata. Dua zote zilikuwepo, pamoja na zile zilizoandikwa tangu njia igeuzwe na kupotelea mlangoni. Muuguzi alizisoma kwa sauti mpaka mwisho, na harufu ya pasi haikusikika tena ofisini wala nyumbani.

Ila jambo moja lilibaki. Kinara alizikwa makaburi yaleyale, safu ya tatu, penye jiwe lililoandikwa jina lake la kuzaliwa. Kila Ijumaa mjane huenda na Kipepeo kumzuru. Huhesabu safu kwa kidole, hushikana mikono, hutembea polepole wakilitazama jiwe lile, nao wakifika na kuinama kusoma, huwa wako kwa Bibi Fundi. Wamejaribu kutokea mashariki na kutokea magharibi. Mwalimu amewaongoza yeye mwenyewe, akafika nao kwa Bibi Fundi, akakohoa.

Mjane hasumbuki tena. Huketi papo hapo walipofikishwa, humwombea kwanza mwenye mahali, kwa kuwa Kinara ndiye aliyezichelewesha dua za Bibi. Kisha humshika mtoto mkono, nao huinua viganja.

Ee Mola, mrehemu Bibi Fundi, umpe nuru kwa kila pindo alilolinyoosha. Na yule tuliyemruka bila kumwona, na leo tunamtafuta hatumpati, kwako hakupotea. Wewe unajua alipolala. Umfikishie dua hii, wala usiigeuze njia. Umsamehe, na wote waliotutangulia. Amina.