Penye Miwili Hubaki Mmoja

Dada yangu, mkunga mstaafu, alikuwa na bustani isiyozidi upana wa kitanda, kati ya ukuta wa jiko lake na ukuta wa fundi cherehani. Alipanda mchicha. Nasema mchicha, si mnavu, watu huchanganya. Kila alipoupanda, uliota, ukanyauka.

"Mkunga," fundi alimtania akichungulia juu ya ukuta, "umezalisha mtaa mzima, mchicha ndio umekushinda?"

"Shona wewe! Suruali zako zenyewe zinapwaya."

Dada alicheka, lakini utani ule ulimchoma.

Asubuhi moja akakuta magugu yameng'olewa. Mchicha ukanawiri, majani mapana kama viganja. Akamgawia hata fundi, akitembea kifua mbele.

"Anayekupalilia humuulizi jina," aliniambia.

Mimi ningeuliza.

Kisha palizi ikawa kupunguza miche. Penye miwili iliyobanana, ule dhaifu uling'olewa na kulazwa chini ya ukuta, kwa safu iliyonyooka. Kazi safi. Kwenye udongo ule laini hapakuwa na alama ya mguu.

Ndipo binti wa dada akaja na mapacha wake wachanga. Mmoja tulimwita Bonge. Wa pili, aliyenyonya kwa shida, tulimwita Kijiti. Walilazwa kwenye mkeka mmoja, wamebanana.

Mchana mmoja, mama yao akiwa anaoga, dada alinijia sebuleni. Alinong'ona.

"Kaka. Mkekani yuko mmoja."

Alikuwa Bonge.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo. Dada akakimbilia bustanini. Nikamfuata.

Kijiti alikuwa amelazwa chini ya ukuta, mwisho wa safu ya miche. Macho wazi. Halii.

Dada akamshika kwapani. Hakuinuka. Kitu kilimvuta kutoka upande wa miguu. Hapakuwa na mtu.

"Mwachie," dada alinong'ona. "Dhaifu, lakini ni wangu."

Upepo haukuwapo. Mchicha wote ukatikisika.

Akavuta tena, taratibu, kama alivyozoea kumtoa mtoto aliyekwama. Kijiti akaachiwa. Akalia.

Tulimlaza mezani tumsafishe. Nyayo zake zilikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba, zenye udongo mbichi. Nilidhani zimenasa tu. Dada akachukua mkasi wake wa ukunga, akakata mmoja.

Ulikuwa mzizi. Ukatoa damu.