Kinyozi Aliyemjibia Mdogo Wake

Saa ilikuwa juu ya kaunta ya kinyozi, kati ya mashine na kopo la poda. Hakuna aliyeivaa, na bado ilikuwa inahesabu mapigo ya moyo. Mia na sabini na moja. Mwenyewe, mdogo wake kinyozi, alikuwa uani anaoga baada ya mazoezi. Kinyozi alidhani imeharibika, akaigeuza kifudifudi na kuendelea kumnyoa mteja.

Tuseme ukweli, kinyozi yule alikuwa na domo. Hata aliyekuja kupunguza ndevu tu aliondoka anajua kwamba mdogo mtu atachaguliwa timu ya riadha ya jeshi, na kwamba majaribio ni mwisho wa mwezi. Sasa ile saa ya kukimbilia ilikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi inapendekeza zoezi la siku, na zoezi likiisha inauliza: umejisikiaje? Ukisema umechoka, kesho inakupunguzia, au inakwambia upumzike. Kijana alikuwa anaivua kwenda kuoga kabla hajajibu, na kaka mtu akawa anamjibia. Anabonyeza palipoandikwa "rahisi sana". Wiki tano nzima alibonyeza hivyo, na saa ikazidi kuongeza.

"Kaka, hii saa itaniua," kijana alisema siku moja, akijaribu kucheka. "Inadhani mimi punda."

"Inakujua kuliko unavyojijua. We fuata inachosema."

Akafuata, maskini. Alimwamini kaka yake tangu utotoni.

Wiki ya sita mama yao akaanza kusikia nyayo chumbani kwa kijana, mchana kweupe. Akachungulia. Mwanawe alikuwa amelala chali, amefumba macho, na miguu inakimbia chini ya shuka. Chumba kilinuka jasho, lakini si jasho la mtu, ni la mnyama aliyefukuzwa mbali. Alimwita kinyozi mbio, wakaikandamiza ile miguu, kila mtu wake, nayo ikawatikisa wote wawili na kitanda kikasogea hadi ukutani, kijana bado anakoroma, kisha kutoka kinywani mwake, bila midomo kucheza, sauti nzito isiyo na pumzi ikasema rahisi sana, rahisi sana, na kinyozi, ambaye ndiye pekee mle ndani aliyejua maneno yale yametoka kwenye kidole cha nani, akahisi mkojo unamtoka.

"Anasema nini?" mama alinong'ona.

"Sijui, mama."

Kesho yake, saa nane mchana, akaletwa mganga, bibi mmoja mfupi aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu. Miguu ilikuwa haijasimama tangu jana. Bibi alianza kwa kumshika kijana mkono na kupima mapigo. "Hafiki kesho huyu," alisema taratibu. Kisha akainama. "Wewe uliyemo, uliingilia wapi?"

"Nilikaribishwa," ilijibu ile sauti. "Kila siku niliambiwa huyu hajachoka, bado ana nafasi."

Mganga akawageukia. "Kuna mtu alikuwa anamsemea mgonjwa. Aseme yote, mbele ya mama yake. Akibakiza kitu, na huyu aliyemo atabaki."

Kinyozi alilia kama mtoto. Aliyasema ya saa, ya kubonyeza, ya wateja na majigambo yake. Aibu ilimchoma hadi masikio. Na kweli, miguu ikapunguza mwendo, ikatembea, ikatulia. Kijana akavuta pumzi ndefu.

Mama akamkumbatia kinyozi. "Umeniokolea mwanangu. Hukujua, baba. Ungejua anaumia usingefanya."

Juu ya bega la mama, kinyozi aliona jicho moja la kijana limefunguka, linamtazama yeye. Akaikumbuka Jumanne. Jumanne kijana aliingia saluni ameshika kifua, akasema kaka kinabana, nipeleke hospitali, naye akamjibu ngoja majaribio yapite, na mama usimwambie.

"Umesema yote?" mganga aliuliza.

Mikono ya mama ilikuwa bado shingoni mwake, na alikuwa anamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto mkweli.

"Yote, bibi," alisema kinyozi, na chini ya shuka mguu wa kushoto ukapiga hatua.