Ukanda Bubu wa Kapteni Lutengano

Kufikia saa nane mchana siku hiyo, chumba-ndege namba tatu kilikuwa kimeshakuwa ndege nne. Alfajiri kilikuwa Tembo, lile jitu la injini nne linalobeba shaba kutoka Zambia. Baadaye kikawa ndege ya kunyunyizia dawa mashamba ya tumbaku, kisha ndege ya posta, kisha Tembo tena. Chumba chenyewe hakikusogea hata inchi moja. Kilikuwa palepale, ghorofa ya pili ya Kituo cha Marubani wa Ardhini, mjini Tabora. Kila ndege mpya ilipoitwa, usukani ulijirefusha au kujifupisha, ukaongeza uzito au kuupunguza, na vikono vya nguvu vilivyo kulia kwa rubani vikajigawa: vinne, kimoja, viwili. Rubani alishika chuma kilekile, mkono ukahisi ndege nyingine kabisa.

Zamani vyumba vya namna hii viliitwa viigaji na vilikuwa vya mafunzo tu. Mwanafunzi akiangusha ndege alicheka, akabonyeza kitufe, akaanza upya. Kisha ndege zikapewa akili zake zenyewe, marubani wakashushwa kutoka angani, na haikuchukua muda watu wakagundua kwamba akili hizo hufanya kazi vizuri sana mpaka siku zinapogoma. Kwa ajili ya siku hizo, viigaji viliunganishwa na ndege za kweli kwa setilaiti. Rubani akivuta usukani Tabora, pua ya ndege inainuka juu ya Ziwa Tanganyika. Na ili mikono yao isisahau kazi, sheria iliwataka marubani hao waongoze ndege za mizigo kila siku, hata pasipo na tatizo lolote. Katika chumba hiki hakukuwa tena na kitufe cha kuanza upya.

Aliyekifanya chumba kibadilike alikuwa Nyamizi Kasubi, mpangaji wa vidhibiti, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mpole, na mbishi kwa kimyakimya. Kazi yake ilikuwa kuandaa faili la kila ndege: usukani ukisogezwa upana wa kidole, mabawa yaitike kwa kiasi gani, kikono cha nguvu kikirudishwa nyuma kabisa, injini ipumzike tu au igeuze nguvu ili kusimamisha ndege. Ukikosea hilo la mwisho, rubani anayetaka kupunguza mwendo anajikuta amefunga breki hewani. Nyamizi hakuwahi kulikosea.

Juu ya faili la ndege lilikuja faili la rubani. Marubani ni watu, kila mmoja na mkono wake. Huyu anapenda usukani mzito, yule mwepesi. Faili hilo lilipakwa juu ya kila ndege aliyopewa, kama siagi juu ya mkate, mkate wowote ule. Ndani yake kulikuwa na kipimo kinachoitwa ukanda bubu. Ni ile sehemu ndogo ya katikati ambapo usukani ukisogea, ndege haisikii, ili rubani akipiga chafya abiria wasimwage chai. Kwa kawaida ni asilimia mbili. Katika faili la Kapteni Lutengano Mwaisaka ilikuwa kumi na moja, na aliyejua hilo duniani kote alikuwa Nyamizi peke yake.

Miezi kumi na minne iliyopita, Nyamizi alikuwa akipitia michoro ya usukani, akaona mstari wa mkono wa kushoto wa Kapteni umejaa meno madogomadogo, kama ya msumeno. Siku chache baadaye aliona kikombe cha mzee kikigonga kisahani. Alielewa. Kapteni ndiye aliyemfundisha kazi, ndiye aliyemtetea alipotaka kuajiriwa, na baba yake Nyamizi alipofariki, mzee huyu wa Kinyakyusa alilala mkekani matangani siku tatu, na mgongo wake mbovu. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba mkono wake umechoka? Na ukishamwambia, utamwandikaje kwenye ripoti? Nyamizi hakusema wala hakuandika. Alipanua ukanda bubu ukameza mtetemo wote. Ndege ya Tembo ina uzito wa tani mia tatu na huitika polepole. Kwake asilimia kumi na moja si kitu. Kapteni alikuwa akirusha Tembo tu. Alimsitiri mzee wake, basi, na akalala usingizi mzuri.

Saa nane na dakika kumi, msimamizi wa zamu, Bi. Kokushubira, aliingia chumbani mwenyewe badala ya kupiga simu. Hapo tu Nyamizi akajua kuna jambo. Korongo, ndege ndogo ya umeme iliyotoka Kigoma na abiria saba, ilikuwa imezimikiwa na akili. Mabawa yalikuwa yanafuata amri ya mwisho, ndege inakwenda mbele kama mtu anayetembea usingizini. Betri ilikuwa na dakika ishirini na nne. Uwanja wa karibu ulikuwa Kaliua. Vyumba vingine viwili vilikuwa na ndege zao angani, marubani wa zamu ya jioni walikuwa bado majumbani, na kwenye kiti cha namba tatu alikuwa ameketi Kapteni Lutengano, ameshamaliza Tembo yake, anavaa koti aende akale.

Alilivua koti bila kuuliza maswali.

Nyamizi alikuwa na sekunde tisini. Aliita faili la Korongo. Usukani ukajifupisha, ukawa mwepesi. Alivifunga vikono vinne vya nguvu viwiliviwili, vya kushoto kwa injini ya kushoto, vya kulia kwa ya kulia. Akahakikisha kwamba mwisho wa nyuma ni kupumzika, si kugeuza. Vidole vyake vilijua njia. Kisha faili la rubani likajipaka lenyewe juu ya yote, na akaiona ile kumi na moja ikiwaka kwenye kona ya kioo.

Akiirudisha mbili, mtetemo wa mzee utaingia moja kwa moja kwenye mabawa ya ndege nyepesi, na yeye hajui kama anatetemeka. Akiiacha, Korongo haitasikia miguso midogo, na ndege ndogo hutua kwa miguso midogo. Bi. Kokushubira alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani. Nyamizi alijiambia kwamba mzee ni fundi, atajua la kufanya. Alijua kwamba anajidanganya. Akaliacha faili lilivyo, akasema maneno ya kukabidhi kama desturi inavyotaka.

"Ndege yako, Kapteni."

"Ndege yangu."

Baada ya maneno hayo, kanuni ya kituo ni kwamba mpangaji anafunga mdomo mpaka aulizwe. Rubani anasikiliza ndege, hasikilizi watu.

Dakika kumi za kwanza zilipita salama, kwa sababu juu kule anga ilikuwa pana na kosa dogo halikuwa na pa kugonga. Kwenye kioo cha pembeni, kamera ilionyesha abiria. Walikuwa hawajaambiwa. Mama mmoja alikuwa amevua viatu anamenya chungwa. Mzee wa kofia alikuwa amesinzia. Kapteni aliigeuza ndege kuelekea Kaliua, akaanza kuishusha, na hapo ikakutana na upepo wa kiangazi, upepo wa ubavuni, kilomita arobaini kwa saa.

Korongo ikasukumwa kushoto. Kapteni akaugusa usukani kulia, kidogo, kama inavyopaswa. Ndege haikujibu. Akaongeza kidogo. Haikujibu. Akaongeza tena, akautoka ukanda bubu, na ndege ikaruka kulia kwa mshtuko. Chungwa lilimponyoka yule mama likabingirika kwenye njia ya katikati. Mzee wa kofia aliamka.

"Hii ndege haisikii," Kapteni alisema, kwa sauti ya chini.

Alijaribu tena. Kimya, kimya, kisha kurupu. Mara tatu, mara nne. Njia ya kurukia ilionekana mbele, ikihama kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Zilibaki kilomita tisa. Betri ilikuwa na dakika sita, maana yake kuzunguka na kujaribu tena hakukuwezekana. Jasho lilimtoka Kapteni nyuma ya masikio. Bi. Kokushubira aliinama na kuuliza, bila kupandisha sauti, kama mpangilio una tatizo. Kama lipo lisemwe sasa.

Nyamizi alikuwa ameulizwa. Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwake na ulikuwa uongo mzuri: angesema springi ya usukani imechakaa, angebadilisha namba, na hakuna ambaye angejua kitu. Lakini Kapteni angeendelea kuushika usukani kama mtu mwenye mkono mzima, na watu saba wangelipia hilo.

"Ndege ni nzima, Kapteni. Tatizo ni faili lako. Ukanda bubu ni asilimia kumi na moja."

"Nani kaweka kumi na moja?"

"Mimi. Mwaka jana. Mkono wako wa kushoto unatetemeka, baba. Niliuficha."

Kapteni hakugeuka. Macho yake yalibaki kwenye njia ya kurukia. "Mkono wangu ulipona," alisema.

"Haukupona."

Kisha mzee akamwambia auondoe huo ukanda. Nyamizi akajibu kwamba akiuondoa, ndege itatetemeka naye.

"Uondoe, halafu njoo hapa. Weka mkono wako juu ya wangu. Usiongoze. Tuliza tu."

Nyamizi aliandika mbili, akabonyeza, akapiga magoti kando ya kiti. Mabawa ya Korongo yalianza kutikisika papo hapo, mtikisiko mdogo wa haraka, na kwenye kamera abiria wote saba sasa walikuwa wameshika viti. Aliufunika mkono wa Kapteni kwa wake. Ulikuwa wa moto, mkavu, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachopiga bila kukoma. Aliubana. Mtikisiko ukapungua. Akaubana zaidi, na Kapteni akamwambia kwa ukali kwamba sasa anamzuia. Akalegeza. Ilibidi ajifunze, katika kilomita sita, kutofautisha kutetemeka na kukusudia: hiki ni ugonjwa, kibane, huu ni mkono wa rubani, uache upite.

Alifumba macho, maana kuangalia kulimchanganya. Alisikia Bi. Kokushubira akisoma urefu kwa mita: tisini, sitini, arobaini. Mkono ulikwenda kulia na Nyamizi akaufuata. Ulirudi. Ulivuta, taratibu mno, na mkono wa kulia wa Kapteni ukarudisha vikono vya nguvu hadi mwisho. Kumi. Tano. Tairi la kulia liligusa kwanza, kisha la kushoto. Usukani ulitikisika kwa nguvu ya ardhi ya Kaliua, ukatulia.

Abiria walishuka wakilalamika. Mmoja alisema shirika hili halimpati tena. Yule mama alivaa viatu, akaliokota chungwa lake, akalipangusa kwa khanga. Bi. Kokushubira aliwatazama kwenye kioo cha pembeni mpaka wa mwisho akashuka, kisha akatoka akafunga mlango. Alikuwa na ripoti ya kuandika, na wote watatu walijua kutakuwa na nini ndani yake.

Nyamizi alibaki amepiga magoti. Alianza kuomba msamaha, maneno yakagongana. Kapteni alimwinulia kiganja anyamaze, akaomba aonyeshwe mkono wake mwenyewe, bila ndege, bila faili. Nyamizi alikata mawasiliano, akaondoa kila kitu, akaacha mstari mtupu kwenye kioo. Mzee akaushika usukani. Mstari ukajaa meno, makubwa kuliko yale ya mwaka jana, makubwa zaidi ya maradufu.

Kisha akasimulia, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Aliuona mkono ukitetemeka kabla ya mtu yeyote. Alikwenda hospitali kwa siri, akapewa dawa mpya, zile zinazouzuia ugonjwa usisonge mbele ukiwahiwa mapema. Zilimtapisha. Halafu ukaja mtihani wake wa nusu mwaka, humuhumu chumbani, na mstari ukatoka umenyooka kama wa kijana. Kikombe nyumbani kiliendelea kugonga kisahani, akasema huo ni uchovu tu; mashine haina huruma, haiwezi kumpendelea mtu. Akazimwaga dawa chooni. Yeye na mkewe Atupele walipeleka shukrani kanisani, akasimama mbele ya watu akatoa ushuhuda kwamba Mungu amemponya, na kwaya ikaimba.

"Miezi kumi na miwili sijanywa hata kidonge kimoja," alisema.

Nyamizi alianza kulia. Hakujificha.

"Nilitaka kukusitiri, baba. Nilidhani nikikuambia utaumia."

"Ningeumia." Aliutoa mkono kwenye usukani, akaulaza pajani, na hakujaribu kuushikilia. "Ningekununia wiki moja, labda mbili. Nakujua, ungeniletea chai nisiinywe. Halafu ningekunywa dawa, mwanangu."

Mstari kwenye kioo ulikuwa umenyooka tena, kwa kuwa hakuna aliyeshika usukani. Nyamizi alinyoosha mkono akakizima kioo, na wakaendelea kukaa pale mpaka rubani wa zamu ya jioni alipogonga mlango akitaka chumba.