Mama Mkwe Aliyejibu Maswali ya Wenyewe

Jamani, mwaka ule wa sabini na nne, nani asingeionea wivu nyumba ya Mama Teresa pale Malaba? Mke wa mwanawe, Amuron, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Okedi, mume wa Amuron, dereva wa lori, alileta khanga kutoka Mombasa. Teresa naye alishinda akikoroga uji wa wimbi, akimkanda mzazi kwa maji moto na kumwimbia mjukuu.

Lakini Amuron hakuchangamka. Uji ulipoa mikononi mwake. Mtoto akilia, yeye aliangalia ukuta. Teresa aliona, moyo ukamuuma, ila aliogopa majirani watasema Amuron hampendi mtoto. Akaamua kumsitiri.

Kule kliniki, Sista Nafula alikuwa akiyajaribu maswali aliyotunga na daktari, ya kuwatambua akina mama waliolemewa na huzuni baada ya kujifungua. Sasa, kwetu mzazi haendi kliniki bila mama mkwe, wala hatangulii kusema mbele yake.

"Unapata usingizi?" Sista alimwuliza Amuron walipofika.

"Analala vizuri sana," Teresa akajibu.

"Umewahi kutamani usiwepo duniani?"

"Ala! Sista, hayo ni maswali gani? Huyu anacheka siku nzima!"

Sista akaandika kwamba Amuron ni mzima. Hebu fikirini, wenzangu! Anaulizwa huyu, anajibu yule, na aliyesomea kazi anaridhika!

Jumapili Teresa alitoka kanisani akamkuta mtoto kitandani, amefunikwa vizuri, yuko peke yake. Alitoka mbio akiita. Alimkuta Amuron ukingoni mwa mto, hana mtungi, hana nguo za kufua. Teresa akamkumbatia kwa nguvu zake zote.

"Niache, mama. Mtoto atapata mama mwingine mzuri."

"Mwingine wa nini? Mimi nakutaka wewe, mwanangu. Wewe!"

Walilia pamoja pale kwenye matope. Kesho yake asubuhi Teresa alimpeleka kliniki.

"Sista, siku ile nilijibu mimi. Nilidanganya."

Nafula aliona haya. "Na mimi nilikubali, mama. Leo nenda nje na mtoto, tafadhali."

Mlango ulipofungwa, Amuron aliulizwa yale yale. Akajibu mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Ndiyo, sista. Natamani kila siku." Daktari alimtibu. Haikuwa kazi ya wiki moja, lakini siku moja alimwita mwanawe kwa jina, akatabasamu, na Teresa akaangua kilio jikoni.

Tangu hapo Nafula aliwaweka akina mama mkwe kwenye benchi nje, wapakate wajukuu. Walinung'unika kweli kweli! Ndani, wengi walioitwa wazima walianza kusema ukweli.

FUNZO

Huzuni baada ya uzazi ni ugonjwa, wala si ubaya wa mama, na ina tiba. Mwulize mzazi mwenyewe, akiwa peke yake, na jibu lake usilionee haya. Nawe mama mkwe, ukimpenda, mpokee mtoto na umwache aseme. Teresa alimpenda Amuron kwa moyo wote, na bado nusura amzike.