Siku Avril Alipomkana Neville

"Avril, mpenzi. Mbona hukuniambia unakuja?"

Neville alisimama mbele ya meza yao, kipaza sauti mkononi, uso umejaa furaha. Ukumbi wa kambi ya mapumziko pale Mablethorpe ulikuwa umejaa familia zilizokimbia mvua ya ufukweni, kila meza na kadi zake za bingo, ule mchezo wa kubahatisha namba.

Avril alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Kulia kwake alikaa binti yake, Gemma. Kushoto, mkwe wake, Lee. Wao ndio waliomleta huku kwa kumshtukiza, bila kujua kwamba mahali penyewe anapajua kuliko wao.

"Nadhani umenifananisha," alisema.

Neville akamtazama. Akamtazama Gemma. Akaelewa.

"Samahani, mama. Kweli nimekufananisha."

Akaondoka. Lee akaanza utani.

"Mama mkwe, hata begi hujafungua umeshapata mchumba."

"Yule?" Gemma alikunja uso. "Mbeba mitungi ya gesi tuliyempita getini? Hebu mwacheni mama yangu. Baba angefufuka."

Hapo Avril angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Niokoeni jamani," alisema huku akicheka. "Hata niwe na njaa ya mwaka mzima, yule sili."

Wakacheka wote. Aliponyanyua macho, Neville alikuwa nyuma ya kiti cha Lee, akigawa kalamu za bingo. Aliweka tatu mezani, taratibu, akapita.

Roy, mume wa Avril, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Baadaye rafiki yake Pauline alimvuta waje hapa wikiendi, jiko la karavani yao, nyumba ya magurudumu waliyokodi, likagoma, Neville akaja kulitengeneza. Alikaa kunywa chai, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi Avril alijisikia akiongea bila kukumbuka kwamba ni mjane. Tangu hapo alirudi mara kadhaa, peke yake. Nyumbani alisema anakwenda kwa Pauline.

Sasa alijifungia chooni pale ukumbini, akamwandikia Neville kwenye simu: "Nisamehe. Watoto hawajui."

Jibu halikuchelewa: "Niliona kwamba hawajui. Ila sikujua kwamba ninachekesha."

Alikaa pale mpaka Gemma akaja kugonga mlango.

Asubuhi gesi ya karavani yao ikaisha soseji zikiwa nusu mbichi. Lee akapiga simu mapokezi, na haukupita muda Neville akatokea na mtungi begani, koti la mvua linachuruzika. Alipomaliza kuufunga nje, akaingia kujaribu jiko.

"Angalia miguu yako, unatuletea mchanga," Gemma alimwambia, macho kwenye kikaango.

"Samahani." Akawasha, moto ukashika. "Tayari, mama. Likisumbua tena, pigeni simu."

Hakusema kwa kejeli. Hilo ndilo lililomuuma Avril. Alimwita mama kama anavyomwita kila mteja.

"Usiniite mama, Neville."

Gemma akageuka. "Umejuaje jina lake?"

"Namjua. Tuna karibu mwaka." Aliweka kikombe chake mezani. "Nilipokuwa nasema naenda kwa Pauline, nilikuwa nakuja kwake."

Lee akajifanya anaangalia soseji.

"Mwaka?" Gemma alisema. "Mimi nakupigia kila jioni ili usijisikie mpweke, kumbe uko huku na huyu? Na jana umekaa pale unamcheka?"

"Ndiyo."

"Sasa hata sijui nikasirikie lipi."

Neville alikuwa tayari mlangoni. "Mimi nina karavani nyingine zinanisubiri," alisema, akatoka kwenye mvua.

Avril alimfuata bila koti. Alimkuta kwenye kibanda cha mitungi nyuma ya sehemu ya kufulia. Neville hakumpa kiti.

"Umelowa," alisema.

"Neville, niliogopa. Niliona aibu kwamba nina furaha, na Roy hata hajasahaulika."

"Kunikana nimekuelewa. Mimi mwenyewe nilikusaidia." Akawa anafuta mikono kwa kitambaa ambacho tayari kilikuwa kichafu. "Ila hukuulizwa kitu, Avril. Ulinitukana bure, ili wacheke."

Avril alisogea mpaka chini ya paa la kibanda.

"Ni kweli," alisema. "Sina la kusema. Nimekuja nisikie ukiniambia."

Neville alikitundika kitambaa kwenye msumari.

"Nina miaka sitini na tatu," alisema mwishowe. "Siwezi kuwa mtu wa kupitia mlango wa nyuma. Leo jioni mnakula wapi?"

"Duka la samaki na chipsi, kule barabara ya ufukweni."

"Nitakuja. Ukinitambulisha, nitakaa. Ukibabaika, nitanunua changu nikale kwangu."

Jioni ile duka lilijaa watu na harufu ya siki. Neville aliingia amevaa shati la kola, nywele amezichana kwa maji. Avril akasimama. Watu wa meza ya jirani, waliokuwapo ukumbini jana, waligeuka.

"Gemma, Lee. Huyu ni Neville, mpenzi wangu. Nilimkana mbele yenu, kisha nikamfanya kichekesho. Naona aibu mpaka sasa."

Lee akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi. Neville akakaa.

Gemma alikuwa anachoma chipsi moja kwa uma bila kuila.

"Nikwambie kitu, mama? Nilikuwa nikikukuta unalia, narudi kwangu nimetulia. Nilijisemea, basi, bado ni mke wa baba." Machozi yakamdondoka. "Nilipenda uwe na huzuni. Mtoto gani anapenda hivyo?"

"Njoo hapa," Avril alisema, akamvuta kichwa begani.

Gemma alijifuta kwa karatasi ya duka, akamgeukia Neville.

"Na mimi jana nilisema vibaya. Ile ya mitungi."

"Mitungi nabeba kweli," Neville alisema. "Hapo hukudanganya."

Lee alicheka kidogo, kisha akamtazama mkewe kama anaomba ruhusa ya kucheka. Gemma akaitikia kwa kichwa.

Watu wa meza ya jirani bado walikuwa wanatazama. Masikio ya Avril yalikuwa bado yanawaka. Akauweka mkono wake juu ya wa Neville, pale pale mezani, akauacha. Neville hakuushika mara moja. Alimaliza kwanza kipande chake cha samaki, akafuta vidole, ndipo akaugeuza mkono wake na kuushika.