Mlango Uliohamia Kisiwani

Rafiki yangu ni mkaguzi wa hoteli zinazojali mazingira, mtu anayeamini fomu kuliko macho yake. Siku hiyo alianzia mji wa kale, kuthibitisha kwamba mlango mkukuu uliopelekwa hotelini kisiwani ulipatikana kihalali.

Bibi mwenye nyumba ulikotoka mlango hakumkaribisha hata kizingitini. “Waliung'oa mchana kweupe. Chumba cha mlango huo tulikifunga kwa nje miaka arobaini. Huko uendako ukigongewa, usifungue.”

“Bibi, hilo halina nafasi kwenye fomu.”

“Basi potea na fomu yako!”

Kisiwani, meneja alimpokea kwa jicho la uhasama. “Kibali leo hii, afisa, au utarudi kwenu kwa kuogelea.”

Fomu ilidai mkaguzi ajifungie chumbani saa nzima, madirisha yote yamefungwa, apime kama chumba hupoa bila umeme. Akaingia chumba chenye ule mlango mkukuu, akasukuma komeo. Adhuhuri ikageuka giza totoro.

Mlango uligongwa kwanza kwa kucha, taratibu. Mara ya pili ukatikisika.

“Meneja, acha utani wako!”

Ulipogongwa mara ya tatu, hasira zikampanda, akafungua. Mchangani hapakuwa na mtu, wala nyayo zozote isipokuwa zake za kuingilia.

Akajichekea kama mtu anayejipa mwenyewe cheti cha ujasiri, akafunga, akarudisha komeo, akaweka kiganja juu ya mbao asikilize. Mlango ukagongwa tena, polepole. Safari hii uligongwa kwa ndani, kando ya kiganja chake.